Mnaolala chumba kimoja safarini: ulizieni ukuta wa bafu kabla hamjalipa

Mama Kontena

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Maonesho ya biashara ya Canton ya mwezi wa kumi yanakaribia na najua humu ndani wapo wanaopanga kwenda Guangzhou, China, wengine kwa mara ya kwanza. Maonesho haya yapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Haya ya Oktoba huanza tarehe 15 na kwenda kwa awamu tatu hadi mwanzoni mwa Novemba. Kipindi hicho bei za vyumba hupanda mji mzima, ndiyo maana watu wetu hulala wawili, wengine watatu, chumba kimoja. Ajenti atakueleza habari ya viza, tiketi, kilo za mzigo na kubadili fedha. Habari ya bafu hakuambii mtu.

Ni hivi. Hoteli nyingi kule, hasa za bei ya kati ambazo sisi wa Kariakoo ndizo tunazozimudu, bafu limetenganishwa na chumba kwa kioo. Si kile kioo cha kuzuia maji ya kuogea yasisambae. Ni ukuta mzima, kuanzia sakafuni mpaka juu, kioo kinachoonyesha kila kitu, na upande wa pili ndipo kilipo kitanda. Mtu aliyejilaza na simu yake anakuona unavyopiga mswaki, unavyooga na unavyokaa chooni.

Baadhi wameweka pazia la kukunja kwa kamba, nalo lina mambo yake. Likiwa limefungwa upande wa bafuni, wewe uliye ndani ndiye unalishusha, afadhali. Likiwa upande wa chumbani, kamba iko kwa mwenzako. Umwombe alishushe, na ukishaingia huna namna ya kulizuia lisipandishwe. Tena mengi hayafiki chini. Yanaishia usawa wa goti, na mtu akikaa chooni miguu yote na nguo alizoshusha viko wazi.

Vyumba hivyo vimetengenezwa kwa kumfikiria mtu na mpenzi wake. Sasa sisi tunasafiri na nani? Mtu na wifi yake. Kijana na mjomba aliyempa mtaji. Mama na binti yake mkubwa. Wenye fremu jirani ambao kila siku wanaitana "mama fulani" kwa heshima na hawajawahi hata kuonana bila mtandio. Ndugu zangu, hawa si watu wa kukaa kioo kimoja.

Mimi huwasindikiza wafanyabiashara wadogo kule, na haya nimeyaona kwa macho yangu. Kuna dada mmoja alikuwa analala chumba kimoja na mama mkwe wake, ambaye ndiye mwenye duka. Dada yule kuanzia mchana alikuwa hanywi maji. Tunazunguka sokoni jua kali, kila mtu ana chupa mkononi, yeye anasema hana kiu. Usiku mama akishalala, anajifunga khanga juu ya dera, anashuka na lifti mpaka chini kwenye choo cha mapokezi, na mlinzi anamfuata nyuma kumwuliza kwa ishara anatafuta nini. Mama mkwe naye, kumbe, alikuwa anajizuia vilevile, anasubiri mkwewe atoke asubuhi. Wote wawili wanateseka, na hakuna anayeweza kulitamka. Yule dada alirudi Dar akaanzia hospitali, mkojo unamuunguza. Safari nzima ilimharibikia kwa sababu ya ukuta, na ni jambo ambalo ujumbe mmoja wa simu ungelimaliza kabla hawajapanda ndege.

Kwa hiyo nasema haya kwa uzito wote.

Kwanza, kabla ya kulipa, andikia hoteli. Usiulize "kuna bafu ndani?", maana watajibu ndiyo, na ni kweli lipo. Uliza: ukuta kati ya bafu na chumba ni wa tofali au wa kioo? Kama ni kioo, kinaonyesha au hakionyeshi? Mlango wa choo unafungwa kwa komeo? Tumia programu ya kutafsiri kwenye simu, sentensi fupifupi, na omba picha iliyopigwa mtu akiwa amesimama kitandani kuelekea bafuni. Picha za mtandaoni hupigwa zikitazama dirishani, bafu likiwa mgongoni mwa mpiga picha. Ukiona kwenye picha kuna mng'ao wa taa unaojirudia ukutani karibu na kitanda, au kuna pazia mahali ambapo hapana dirisha, jua hapo ni kioo.

Pili, ukifika, usitoe amana wala usifungue begi. Omba uone chumba. Kikiwa cha kioo, omba kingine hapohapo mapokezi, wakati bado hujasaini. Mara nyingi ndani ya hoteli moja vipo vyumba vya aina mbili, na vile vya zamani au vya vitanda viwili vina ukuta wa kawaida. Ukishalala usiku mmoja hawakusikilizi tena.

Tatu, kama hakuna namna, beba doti ya khanga, vibanio vya nguo, gundi ya karatasi ile pana, na vile vining'inizio vya mpira vinavyoganda kwenye kioo. Futa kioo kikauke kabisa ndiyo ubandike, kikiwa na mvuke havishiki. Kipande kimoja cha khanga hakitoshi ukuta mzima, basi anza na usawa wa choo, siyo usawa wa kichwa. Wengi wanaziba juu, wanasahau chini.

Na kopo. Kule maji ya kuchambia hamna, ni karatasi tu. Beba chupa yako ya plastiki yenye mdomo mrefu, kila mtu na yake.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote: semeni. Siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kuingia bafuni, aliye mkubwa aanze. "Mwanangu, chumba hiki hakina siri. Mimi nikitaka kuingia nitakuambia, wewe ushuke chini kidogo. Na wewe ukitaka, niambie, nitatoka." Ni maneno hayo tu. Mdogo hawezi kuanza, atamwonea haya mkubwa, kwa hiyo mkubwa akinyamaza amemfunga mwenzake. Wenye kusafiri na wakwe, na vijana wenu wa dukani, na wadogo zenu: anzeni nyie.

Nawasilisha. Wenye uzoefu wa kwingine, Dubai, Umra, huku kwetu, karibuni.

Mtu wa Kimara

Dada mleta uzi, heshima yako, lakini naona tunalikuza jambo. Wengi wetu tumekulia nyumba za kupanga, choo kimoja wapangaji wote, foleni asubuhi na ndoo mkononi. Umeenda kutafuta mzigo, siyo fungate. Chumba ni cha kulala saa tano au sita, alfajiri uko sokoni. Hela ya kuongeza kwa ajili ya ukuta bora ninunulie bidhaa. Mtu akiingia chooni mwenzake ageukie ukutani, yameisha.

Mama Kontena

Kaka wa Kimara, nakuelewa, na hela ni hela kweli. Lakini hebu kikumbuke vizuri hicho choo cha nyumba ya kupanga. Kilikuwa cha watu wengi, sawa, lakini kilikuwa na mlango. Bati au mbao, na msumari uliokunjwa kuwa komeo, lakini ulikuwepo. Nenda kijijini kwa mtu asiye na uwezo kabisa, choo chake ni cha shimo, kimezungushiwa makuti au mabua, mlangoni kuna gunia. Na kakiweka mbali na nyumba, kwa makusudi, ili anayekwenda aende peke yake. Ukikaribia unapiga hodi, aliye ndani anakohoa au anagonga kopo, unarudi. Hakuna aliyetufundisha haya darasani, tumekua nayo.

Wazee wetu hawakuwa na vigae wala maji ya moto, ila hawakukubali mtu aonekane akiwa katika hali hiyo. Leo tunalipa hela nyingi zaidi kwa chumba chenye heshima ndogo kuliko kile choo cha gunia, halafu tunaambiana tuvumilie. Mimi sikubali. Ugeukie ukutani mara ngapi? Na sauti je? Na yule mwenye tumbo lililochafuka kwa chakula kigeni, ambaye anaamka usiku kila mara? Huyo ndiye ninayemsemea.

Fundi Aluminiamu

Nimeona mada iko kwenye anga zangu. Nafunga vioo na milango kwenye hoteli na lodge hapa Dar na mikoani, niwaeleze kwa nini vyumba vinajengwa hivyo.

Chumba cha hoteli huwa kirefu na chembamba, dirisha moja tu kwa mbele. Bafu linawekwa upande wa korido kwa sababu mabomba ya maji safi na maji machafu yanapanda pamoja kwenye uwazi mmoja kutoka ghorofa hadi ghorofa. Kwa hiyo bafu halina dirisha, ni giza mchana kutwa. Ukiweka kioo, mwanga wa dirisha la chumba unafika hadi bafuni, na chumba kidogo kinaonekana kikubwa kwenye picha. Halafu nafasi: tofali la inchi 6 ni sentimita 15, bado plasta na vigae pande mbili. Kioo cha bafu ni milimita 8 au 10. Mwenye hoteli akizidisha hiyo kwa vyumba vyote anaona ameokoa eneo. Mlango nao vilevile. Mlango wa bawaba unahitaji nafasi ya kufungukia, ule wa kuning'inia kwenye reli unatambaa ukutani tu. Ila wa reli unaacha uwazi pembeni na chini, hauzibi sauti wala harufu, na mingi haina komeo.

Sasa mambo ambayo mgeni anapaswa kuyajua kuhusu kioo chenye ukungu, maana wengi wakikiona wanasema "hiki salama". Kile kilichopigwa mchanga kina upande laini na upande wenye chenga. Upande wa chenga ukilowa maji, ukungu unapotea, kinaanza kuonyesha. Fundi mzuri anaugeuzia chumbani, wa haraka anaugeuzia bafuni. Ukifika, paka maji kidogo kwa kidole upande wa bafuni. Doa likiwa angavu, basi ukioga utaonekana.

Na taa. Usiku ukiwasha taa kubwa ya bafuni na chumbani kukawa giza, kivuli chako kinachoreka chote kwenye ule ukungu. Fanyeni kinyume: taa ya chumbani iwake, ya bafuni iwe hafifu, ile ndogo ya juu ya sinki inatosha.

Kipo pia kioo cha umeme, ukiwasha swichi kinaonyesha, ukizima kinakuwa na ukungu. Ulizeni swichi iko wapi. Ikiwa kando ya kitanda, kubalianeni nani haigusi.

Mwisho, kwa wenye lodge wanaosoma humu: tinti nyeupe ya kubandika, ile kama ya kioo cha gari ila ya ukungu, ni kazi ya muda mfupi kwa chumba. Ibandikeni. Na mlango wekeni wa bawaba wenye kitasa.

Mama Kontena

Fundi, hilo la kidole chenye maji nalibeba kama lilivyo. Ahsante sana.

NesiWaZamu

Naomba niongezee kwa upande wa afya, maana mfano wa yule dada tunaupokea mara nyingi, siyo wa China tu. Wanasemina, wanakwaya waliolazwa wengi chumba kimoja, wanafunzi wa ziara.

Mwanamke anayeacha kunywa maji ili asikojoe, na anayebana mkojo kwa saa nyingi, anajiongezea hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu mkojo ukitoka mara kwa mara ndio unaosafisha njia. Choo kikubwa nacho ukikizuia, utumbo unaendelea kufyonza maji yaliyomo, kinakuwa kigumu, na siku ukipata nafasi kinatoka kwa maumivu na hata damu. Mwenye bawasiri ndiyo anaamsha balaa.

Na jueni kuna watu ambao mkojo unakataa kabisa kutoka wakihisi mtu yuko karibu. Hawajifanyi. Ni hali inayotambulika kitabibu, na ukiwaambia "kojoa tu, hakuna anayekuangalia" unazidi kuwafunga. Mpe nafasi, toka.

Mwili una saa zake. Baada ya kula, hasa asubuhi, utumbo unasukumwa. Basi baada ya kifungua kinywa mwenzako apewe chumba, wewe kaa chini umalizie chai. Ratiba hiyo moja inatatua mengi. Na vyoo vya mapokezi au vya ukumbi wa chakula ni haki ya mgeni, vitumieni bila kuona aibu. Vingi vina milango mizuri kuliko ya chumbani.

Feni ya kutoa hewa pia: chukua kipande kidogo cha karatasi ya chooni ukiweke kwenye ile wavu yake. Ikikivuta kikaganda, inafanya kazi. Kikianguka, piga simu mapokezi mapema.

Mvita wa Kale

Assalamu alaykum. Nawasoma nikiwa hapa Mombasa, na mambo haya sisi tunayaona Umra na Hija. Kule ukuta si tatizo, mahoteli ya Makka mabafu yake yamejengwa yakafungwa vizuri na mpira wa maji upo. Tatizo ni idadi. Kifurushi cha bei nafuu ni cha watu wanne chumba kimoja, choo kimoja. Wanawake wanne waliokutana uwanja wa ndege, mmoja mtu mzima wa miguu mibovu, mmoja ana mimba changa, na wote wanataka kuoga na kutawadha kabla ya Alfajiri ili wawahi nafasi kwenye Msikiti Mtakatifu, Haram.

Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur aya ya 58 ametaja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumbani wanatakiwa waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya Alfajiri, mchana mnapovua nguo, na baada ya sala ya Isha. Sasa tazameni, ndizo nyakati hizohizo chumba cha watu wanne kinapojaa. Dini imelijua jambo hili mapema, sisi ndio tunaliona dogo.

Tulivyofanya na akina mama wa msafara wetu: kuoga ni usiku, baada ya kurudi kutoka Isha, kwa zamu iliyoandikwa. Alfajiri bafu ni la haja na udhu tu, haraka. Nje ya Msikiti kuna vyoo na sehemu za udhu nyingi, mwenye nguvu za miguu atumie vile, amwachie mgonjwa cha chumbani. Nguo mtu anavalia ndani ya bafu, siyo kati ya vitanda. Na aliye chooni hasemeshwi. Nimeona watu wanagonga mlango na kutoa salamu, "uko wapi dada, ushamaliza?" Mtu aliye katika haja haitikii salamu, mnamtia mashakani bure. Gonga mara moja, ondoka.

Viongozi wa misafara nawaomba sana, mkipanga majina kwenye vyumba msipange kwa herufi. Wapangeni wanaojuana na wanaoweza kuoneana haya kwa wema. Mama mkwe na mkaza mwana msiwaweke pamoja eti kwa kuwa ni familia moja. Waulizeni kwanza.

Mapokezi Arusha

Niko mapokezi, niseme yanayotokea upande wetu wa kaunta.

Huku kwetu kioo si kingi bado, ila kuna mambo mawili. Lodge nyingine ukuta wa bafu haufiki kwenye dari, umeishia juu ya kichwa kidogo, kwa ajili ya hewa. Sauti yote iko chumbani. Na kambi za mahema za mbugani, bafu liko nyuma ya kitanda na linafungwa kwa zipu au pazia tu. Kwa mtu na mkewe ni sawa. Tatizo linakuja kampuni inapoleta wafanyakazi wake na kuwapanga wawili wawili ili kubana bajeti, bosi na dereva hema moja.

Niwaambie ukweli: wageni wengi hawaulizi. Wanapokea ufunguo, wanapanda, na baada ya nusu saa mmoja anarudi peke yake, anazungukazunguka kaunta, anaulizia nywila ya intaneti, anaulizia saa za chakula, halafu anasema kwa sauti ya chini, "hivi hamna chumba kingine?" Sisi tunaelewa. Usiogope kusema sababu. Sema, "nimelala na mzazi wangu, nataka bafu lenye mlango". Hakuna mhudumu wa kwetu atakayekucheka, na tukiwa na nafasi tunabadilisha. Ila kama hoteli imejaa mikono yetu imefungwa, ndiyo maana nasisitiza ulizeni kabla.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: ukiomba vyumba viwili vyenye mlango wa kupitia katikati, familia inakuwa pamoja na kila upande una bafu lake. Wenye watoto wakubwa, baba mwenye mabinti hasa, ulizieni hivyo. Mara nyingine inakuwa nafuu kuliko chumba kimoja kikubwa cha familia chenye bafu la wazi.

Mtu wa Kimara

Nimesoma yote. Hoja ya choo cha gunia imeniingia. Nilikuwa nafikiria wanaume wawili wa rika moja, sikufikiria mkwe. Bado nasema wa rika moja wanaweza kuvumiliana, lakini naunga mkono watu waulize kabla.

Chipukizi wa Msimbazi

Mama Kontena, umenikuta mwenyewe. Naenda Oktoba mara ya kwanza na baba mkwe. Yeye ndiye mwenye duka, na tiketi amenilipia yeye. Ameshaniambia tutalala chumba kimoja cha vitanda viwili karibu na Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, ili tuwe jirani na chakula cha nyumbani. Mimi siwezi kumwambia "baba, bafu". Nitaanzia wapi? Na nikidai chumba changu ataona namkataa.

Mama Kontena

Mwanangu, usimdai chumba na usimtajie choo. Mwombe akuachie kazi ya kutafuta hoteli: "Baba, wewe umebeba mtaji, hili la malazi niachie mimi nikusaidie." Mzee yeyote atafurahi. Kazi ikishakuwa mkononi mwako, wewe ndiye unayeandika ujumbe na kuchagua chumba.

Tafuta vitu viwili. Cha kwanza, chumba cha vitanda viwili chenye ukuta wa tofali. Cha pili, angalia kama vyumba viwili vidogo, vituo vichache mbele kwa treni ya chini ya ardhi, vinagharimu karibu sawa na kile kimoja cha Xiaobei. Treni yao ni ya uhakika na nauli yake ndogo. Ukipata hivyo, mpelekee hesabu, siyo maelezo. Mfanyabiashara ataisoma mwenyewe.

Chipukizi wa Msimbazi

Nimerudi na mrejesho. Baba amekubali niitafute mimi, tena amesema nimepunguzia kichwa. Nimeandikia hoteli ileile aliyoitaka. Wamejibu na picha: chumba cha kawaida cha vitanda viwili ni kioo kitupu, kitanda cha pili kinatazamana na choo kabisa. Lakini wana vya aina nyingine ghorofa za chini, bafu lake ni la ukuta, tofauti ya bei ni ndogo. Nimeshika hicho. Mlango unaonekana mweupe, sijui kama ni wa kusukuma.

Mama Kontena

Umefanya vizuri sana. Warudie leo hii uwaulize mambo mawili: mlango ni wa bawaba au wa reli, na una komeo kwa ndani? Wakisema reli, waombe picha ukiwa umefungwa tuone uwazi wa pembeni. Halafu waambie waandike namba ya aina ya chumba kwenye uthibitisho wako, maana kipindi cha maonesho wakibanwa wanaweza kukuhamishia kingine. Uutoe kwenye karatasi, ukifika uweke kaunta pamoja na pasipoti zenu. Na kopo, mwanangu, nunua mawili.